Bata Mzinga Aliyejifunza Kunyamaza

Katika nchi ya Marekani, kwenye vilima vya Ozark vya jimbo la Missouri, uko msitu mkubwa wa Serikali uitwao Mark Twain National Forest. Msitu huo uliwekwa chini ya ulinzi mwaka wa 1939, na ukubwa wake ni kama ekari milioni 1 na nusu, ijapokuwa haukukaa mahali pamoja bali umegawanyika vipande vipande kati ya mashamba ya watu. Mtu ye yote mwenye cheti cha kuwinda aweza kuingia humo pasipo kubisha hodi kwa mwenye shamba, kwa kuwa mwenye shamba ni watu wote. Kwa sababu hiyo mtu asiye na ardhi yake mwenyewe huupenda sana. Na kwa sababu hiyo hiyo, kila mwaka ifikapo Aprili, msitu hujaa watu.

Wanachokitafuta ni bata mzinga wa mwituni. Wasomaji wengi wamewaona bata mzinga wa kufugwa, wazito, watembeao uani kwa majivuno. Yule wa mwituni ni wa ukoo mmoja nao, lakini yeye ni mwembamba zaidi, rangi yake hung'aa kama shaba juani, hukimbia upesi, na usiku hulala juu ya miti mirefu. Jogoo mzima aweza kupata uzito wa ratili 20. Kifuani pake huning'inia shada la manyoya magumu lifananalo na ndevu, na kichwa chake kisicho na manyoya hubadilika rangi, mara chekundu, mara cheupe, mara cha buluu. Kila mkulima ajua ya kuwa kanga si ndege wa kuchezewa. Basi mwenye kumjua kanga na afikiri juu ya ndege mkubwa kuliko yeye, mwenye macho makali vile vile, tena aliyewindwa tangu alipoanguliwa.

Ndege huyu alikaribia kwisha kabisa. Makampuni ya mbao yaliikata misitu ya Ozark, moto ukapita mara kwa mara, nguruwe wakaachwa kuzurura, na watu wakawapiga bata mzinga wakati wo wote wa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 jimbo la Missouri lilikataza kuwawinda. Baadaye watumishi wa wanyama waliwanasa baadhi ya waliosalia kwa nyavu zirushwazo kwa mizinga midogo, wakawapeleka katika misitu iliyokuwa mitupu. Mwaka wa 1960 uwindaji wa majira ya kuchipua majani ulifunguliwa tena, kwa siku 3 tu, katika wilaya 14, na ndege 94 waliuawa. Tangu hapo wameongezeka wakaenea jimbo zima, na leo uwindaji huo hudumu majuma matatu. Lakini katika msitu wa Serikali sheria ni kali: hapigwi ila jogoo au ndege mwenye ndevu zionekanazo, na ifikapo saa saba mchana kila mtu hana budi kuacha kuwawinda.

Njia ya kumwinda ni ya hila. Alfajiri, akiwa bado mtini, jogoo hulia kwa sauti kuu ibubujikayo kooni, ili mitetea wamsikie na kumwendea. Mwindaji huketi chini ya mti, akaiga sauti ya mtetea kwa kisanduku cha mbao au kibao cha kukwaruza, akitumaini ya kuwa jogoo ndiye atakayekuja. Katika siku za kwanza hila hiyo hufaa. Lakini wataalamu waliowachunguza ndege hawa wameona ya kuwa wawindaji wakiisha kuingia msituni, sauti za majogoo hupungua. Juma la tatu likifika, mtu aweza kukaa tangu usiku hata mchana asisikie neno. Hapo ndipo wengi husema ndege wamekwisha, wakarudi nyumbani.

Hivyo ndivyo alivyosema karani mmoja wa ghala la mbao, mtu wa makamo, ambaye hakuwa na shamba ila kiwanja cha nyumba yake. Jumamosi ya kwanza alisikia majogoo watano, na kila alipomwendea mmoja alikuta mtu amemtangulia. Jumamosi ya pili hakusikia hata mmoja. Jioni alirudi amechoka, akakaa jikoni pamoja na baba yake, mzee ambaye magoti yake yalikuwa yamemkataza kupanda vilima kwa mwaka wa pili sasa.

"Mwanangu, umesikia nini leo?" mzee akauliza.

"Sikusikia kitu, baba. Ndege wamekwisha."

"Magari mangapi yalikuwa njiani?"

"Saba."

"Na kila mwenye gari alikuwa na kisanduku chake cha kuigia sauti ya mtetea?"

"Bila shaka, baba."

"Basi kama wewe ungekuwa jogoo, umeitwa na mitetea saba tangu alfajiri, na mwenzako aliyeitika juzi hakurudi, je, ungeitika?"

Karani akacheka, lakini mzee hakucheka. Akamwambia, "Wakati wa kelele ndege mwenyewe hukuonyesha mahali alipo. Wakati wa kimya, ardhi ndiyo ikuonyeshayo. Jumatano omba ruhusa kazini. Acha bunduki, acha na kisanduku. Nenda ukasome chini kama usomavyo barua za ofisini."

Jumatano karani akaenda. Karibu na barabara hakuona ila nyayo za viatu na maganda ya risasi. Akavuka kijito, akapanda kilima cha kwanza, akashuka, akapanda cha pili, mpaka nyayo za watu zikakoma. Hapo akaanza kusoma. Chini ya mialoni majani makavu yalikuwa yamechakurwa, nayo yalikuwa yametupwa upande mmoja. Na kwa kuwa ndege hutupa majani nyuma yake, karani akajua kundi lilielekea wapi. Akaona mavi yaliyoviringana kama donge, ambayo ni ya mtetea. Na mbele kidogo akaona mengine marefu, yaliyopinda mwishoni kama herufi J, ambayo ni ya jogoo. Akaokota unyoya wa kifua wenye ncha nyeusi. Wa mtetea ungekuwa na ncha ya rangi ya udongo.

Mwisho akafika kwenye njia ya zamani iliyotumiwa kuvutia magogo, kando ya mahali ambapo watumishi wa msitu walikuwa wamechoma nyasi kwa taratibu wakati wa baridi, na majani mabichi yalikuwa yakichipua. Katika udongo wa njia ile palikuwa na nyayo za vidole vitatu, cha katikati kirefu sana, na kila upande wa nyayo mistari myembamba kana kwamba mtu amepitisha ufagio. Mistari hiyo huchorwa na ncha za mbawa za jogoo atembeapo kwa majivuno, mkia ameutanua. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku wa Jumatatu. Mistari ile haikuguswa na tone. Basi ilikuwa ya jana au ya leo.

Karani hakuita. Alitia alama katika ramani yake, akarudi nyumbani kwa njia aliyoijia.

Jumamosi ya mwisho aliondoka saa tisa za usiku, akafika kwenye njia ya magogo kungali giza. Alichagua mwaloni mpana kuliko mabega yake, akauegemea, ili mtu ajaye kwa nyuma asimpige kwa kumdhania ndege. Katika nguo zake hapakuwa na kitu chekundu, wala cheupe, wala cha buluu, kwa maana hizo ndizo rangi za kichwa cha jogoo. Kukapambazuka. Bundi akalia, kunguru wakalia. Bata mzinga hakujibu hata mmoja. Saa mbili karani akakwaruza kibao chake polepole mara tatu, kisha akakilaza mapajani. Kimya.

Yapata saa nne, bondeni chini yake, alisikia sauti ya mtetea. Ikalia mara tatu, ikanyamaza. Kisha akasikia majani makavu yakichakurwa, tena karibu zaidi. Nyuma ya vichaka akaona kitu cheusi kikisogea chini chini, na juu ya kitu kile, alama nyekundu.

Moyo ukamdunda. Majuma matatu ya kuamka usiku, na sasa chekundu kile hapa! Mtu aliyetafuta kitu siku nyingi, macho yake huanza kumwonyesha kile akitamanicho: alama nyekundu ikawa kichwa, kijiti kikawa shingo, kivuli kikawa mkia. Lakini tangu utotoni baba yake alikuwa amemfunza neno moja, kwamba bunduki haiinuliwi kwa kuona rangi, wala kwa kusikia sauti, wala kwa kuona kitu kikitikisika. Huinuliwa kwa kumwona ndege mzima na ndevu zake. Karani akaiacha bunduki juu ya magoti, akangoja.

Kichaka kikafunguka. Alikuwa kijana wa kama miaka kumi na sita, akitambaa kwa tumbo na bunduki mkononi, na kitambaa chekundu cha kufutia jasho kimechungulia mfukoni mwake. Alikuwa akiifuata sauti aliyoisikia saa mbili, nayo ilikuwa sauti ya kibao cha karani.

Karani hakupunga mkono, kwa kuwa mkono upungwao huonekana kama kichwa cha ndege. Alisema kwa sauti kubwa, "Kijana, simama hapo! Mimi ni mtu."

Kijana akasimama, uso umemwiva. Baada ya kitambo akasema, "Nilidhani ni mtetea, mzee, na ya kuwa jogoo yu karibu naye."

"Nami nilidhani wewe ndiye jogoo," karani akajibu.

Wakatazamana, na kwa muda hakuna aliyeweza kusema zaidi. Karani akatoa chupa ya kahawa, wakanywa wote wawili. Akamwonyesha kijana namna ya kukificha kitambaa ndani ya shati, akamwambia, "Sauti isikikayo msituni humu, ujue kwanza ni ya mtu. Usiinyemelee. Kaa, umngoje ndege akujie." Kijana akashukuru, akaenda zake akipiga mluzi ili ajulikane alipo, mpaka mluzi ukapotea ng'ambo ya kilima.

Karani alifikiri ya kuwa siku imeharibika. Baada ya maneno yale yote, ndege gani angekuja? Hata hivyo miguu yake ilikuwa bado ikitetemeka, akaona afadhali akae kuliko kutembea. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Wakati huo wa mwaka mitetea wengi huwa wamekwisha kuketi juu ya mayai, na jogoo aliyeachwa peke yake hutembea mchana akiwatafuta, pasipo kulia.

Yapata saa sita na nusu alisikia mvumo mdogo, kama gari kubwa likipanda mlima mbali sana. Ulikuwa kama wausikia kifuani zaidi kuliko masikioni. Akageuza macho bila kugeuza kichwa. Katika kona ya njia ya magogo jogoo alikuwa amesimama, mkia umetanuka kama upepeo, ncha za mbawa zikichora mistari ile ile udongoni. Alikuwa hajalia hata mara moja.

Karani akatazama kichwa, akatazama shingo, akatazama ndevu zikining'inia kifuani, akatazama nyuma ya ndege kama pana kitu kingine cho chote. Palikuwa udongo mtupu wa kilima. Ndipo akainua bunduki. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini.

Aliporudi nyumbani aliandikisha ndege siku ile ile kama sheria itakavyo, kisha akamweka mbele ya baba yake. Mzee akapapasa kipi cha mguu kwa kidole gumba. Kilikuwa kirefu kupita inchi moja, chenye ncha kali.

"Huyu si pora," akasema. "Ana miaka mitatu au zaidi. Basi alikuwamo nilipokuwa ningali napanda vilima. Amewahi kunisikia nikimwita, wala hakuniitika!" Akacheka mpaka akafuta machozi.

Kisha karani akamweleza habari za yule kijana. Mzee akaacha kucheka.

"Alikuwa mbali hatua ngapi?"

"Thelathini, baba."

Mzee akauachilia mguu wa ndege, akanyamaza kitambo kirefu. "Hiyo ndiyo habari ya leo," akasema mwisho. "Huyu hapa ni kitoweo tu."

Jumatatu, wenzake ghalani waliokuwa wameapa ya kuwa ndege wamekwisha walimwuliza karani kwa mzaha alipata nini katika msitu ule mtupu. Akawajibu pasipo kuinua macho katika daftari lake ya kuwa alipata kijana mmoja, mzima, na bata mzinga mmoja.