Jiwe la Ntahangwa

Wengi hutuletea katika kurasa hizi habari za safari za mbali. Safari yangu mimi ni fupi, ni ya kuizunguka parokia ya kwetu Gihosha, katika mji wa Bujumbura.

Jumapili misa ikiisha, watu hawana haraka ya kwenda nyumbani. Wazee husimama chini ya mwembe wakiulizana habari, na sisi vijana hupanda juu kidogo kutazama nchi. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, linang'aa kama bati jipya, na ng'ambo yake ni milima ya Kongo. Kulia kwako ni bonde la mto Rusizi, na nyuma yako milima yetu yenye migomba. Kusini, ng'ambo ya korongo, kiko kilima cha Vugizo, alipozikwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961.

Korongo hilo ni la mto Ntahangwa. Wakati wa kiangazi mtoto huuvuka bila kulowa magoti. Lakini mvua kubwa ikinyesha milimani, maji mekundu hushuka kwa kishindo na kuzimega kingo zake. Nyumba zilizokuwa mbali na mto zamani, leo ziko ukingoni.

Nilipokuwa na umri wa miaka 12, nilishuka mtoni kila likizo kuokota mawe na kuyauza kwa wenye malori. Fedha zile zilinunua madaftari yangu, nami nikajiona mtu mzima. Siku moja bibi yangu aliniona napanda na jiwe kichwani. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, jiwe hilo lilikuwa limeshika nini?" Nikacheka tu.

Mvua za mwaka ule zilipokuja, usiku mmoja tulisikia mlio kama wa ngurumo. Kulipokucha tukaona jiko la jirani yetu limekwenda mtoni, pamoja na nusu ya ukuta wa nyumba. Shukuru Mungu, hakuumia mtu. Mama yule, aliyenipa viazi mara nyingi nilipotoka mtoni na njaa, alikuwa amesimama na sufuria moja mkononi. Alilala kwetu miezi mitatu. Kila nilipofungua daftari mbele yake, macho yangu yalishindwa kumtazama.

Ni kweli, si mimi peke yangu niliyeubomoa ukingo, wala si mawe tu. Milima iliyokatwa miti haiwezi kuzuia maji. Nanyi mnakumbuka mafuriko ya usiku wa tarehe 9 Februari 2014, yaliyoua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Lakini jiwe langu nalijua.

Sasa Jumamosi asubuhi, wakati wa kazi za pamoja, vijana wenzangu nami hupanda mianzi na matete kando ya korongo. Mengine huchukuliwa na maji, nasi hupanda tena. Mama yule hutuletea maji ya kunywa, na hajapata kuniuliza neno.

Ndugu mliokwisha kumaliza shule, mkipita Gihosha siku ya Jumamosi, karibuni, majembe yapo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta umekwisha kwenda. Tuuzibe ufa uliobaki.