Mama yuko Riyadh, baba yuko jikoni

Mama alipoondoka Manila kwenda Riyadh kufanya kazi za ndani kwa mkataba wa miaka miwili, alimwachia mumewe watoto wawili na friji yenye chakula cha siku nne. Siku ya tano baba akaingia jikoni.

Binti wa miaka 12 hakusumbua. Alikula wali na yai, akaosha sahani yake. Kazi ilikuwa kwa mdogo wake wa miaka saba. Kila mama alipopiga simu, alijifungia chumbani. "Mwambieni nimelala," alisema kwa sauti kubwa, na mama upande wa pili alisikia kila neno.

Baba akaona ajaribu tokwa't baboy, chakula ambacho mama alikipika kila mshahara ulipotoka. Kwa Kitagalog maana yake ni tofu na nguruwe. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa mpaka yakawa kipande kama jibini, nayo ilifika Ufilipino na Wachina. Baa za Manila huuza chakula hiki kusindikiza bia, kama kitimoto kwa watu wa Dar es Salaam. Nyumbani wengi hukila na uji wa mchele.

Mara ya kwanza ilikuwa balaa. Masikio ya nguruwe aliyachemsha nusu saa tu, yakatoka magumu kama kandambili. Tofu aliitoa kwenye maji na kuitumbukiza mbichi kwenye mafuta ya moto. Mafuta yakaruka na kumuunguza mkono. Siki alimimina kwa kukisia. Mtoto alionja kipande kimoja, akakitema. "Hiki si cha Mama."

Usiku huo baba alimtumia mkewe ujumbe kuomba msaada. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, mama alipiga simu ya video. Riyadh ilikuwa saa nane mchana, Manila saa moja jioni. Baba aliegemeza simu kwenye kopo la sukari. Saudi Arabia nyama ya nguruwe ni marufuku, kwa hiyo mama alikuwa akitazama sufuria ambayo kule asingeweza kuibandika.

Akaelekeza polepole. Masikio na nyama ya tumbo vichemke na chumvi na pilipili manga kwa moto mdogo, saa moja na nusu hivi, mpaka uma upenye wenyewe. Tofu ile ngumu ifungwe kwenye kitambaa safi na kuwekewa kitu kizito mpaka maji yatoke, ndipo ikaangwe iwe rangi ya dhahabu. Vyote vikatwe vipande vidogo. Sosi ya soya, siki, sukari kidogo, kitunguu na pilipili vichanganywe pembeni na kumwagwa wakati wa kula tu, la sivyo tofu inalegea.

"Siki kiasi gani?" baba aliuliza.

"Weka mpaka uone imetosha."

Baba akabaki ameshika chupa. Sauti ndogo ikatoka mlangoni: "Mama, si huwa unaweka vijiko vitano?"

Kumbe miaka yote aliyokaa juu ya stuli kumtazama mama akipika, alikuwa akihesabu.

Mama alinyamaza kidogo. "Vitano, mwanangu. Na sosi?"

"Vinne."

"Haya, njoo umwoneshe baba."

Siku hiyo mtoto alikula sahani mbili na kulalamika kwamba pilipili imezidi. Mama akacheka, akasema pilipili hiyo ni kosa la baba.

Wako akina mama wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania katika nyumba zilezile za Ghuba, na akina baba wengi waliobaki na watoto wasiotaka kushika simu. Mtoto wa hivyo si lazima awe amemchukia mama. Pengine ukimuuliza "umeshindaje?" hana la kusema, lakini ukimuuliza vijiko vingapi, anajua.

Mkataba bado una zaidi ya mwaka. Siku hizi Ijumaa ikifika, anayeegemeza simu kwenye kopo la sukari ni yule mdogo, na baba haruhusiwi kugusa chupa ya siki.