Helike, Mji Uliolala Matopeni

Tangu nimalize kidato cha nne nina daftari la riwaya lisilokwisha, nalo linahusu mji ambao sijaukanyaga: Helike, huko Akaya, kusini mwa Ghuba ya Korintho nchini Ugiriki. Wenzangu hucheka. "Wewe Ugiriki unaijulia wapi?" Siijui, jamani. Lakini hata Wagiriki wenyewe waliupoteza mji huo.

Usiku mmoja wa majira ya baridi, mwaka 373 K.K., ardhi ilitetemeka na bahari ikapanda. Mji ulikuwa mbali na ufuko kiasi cha kilometa mbili, lakini maji yaliufikia yakaumeza, pamoja na merikebu 10 za Wasparta zilizokuwa zimetia nanga. Waakaya wakapeleka watu 2,000 kuopoa maiti. Wakashindwa. Hebu fikiri, ndugu msomaji: wanaume elfu mbili wanarudi makwao mikono mitupu, wala hakuna wa kuzika. Hapo ndipo kalamu yangu hukwama.

Wazee wa kale walikuwa na sababu yao. Ati Waionia, waliowahi kukaa pale, walikuja kuomba sanamu ya Poseidon, mungu wa bahari, au walau mfano wa hekalu lake. Helike wakawanyima, mungu akakasirika. Rafiki yangu ananisihi niishike hiyo hiyo. "Riwaya bila dhambi haiuziki, bwana." Sikubali. Mtoto aliyelala usiku ule alimnyima nani sanamu?

Eratosthenes alipopita huko, zaidi ya miaka mia moja baadaye, wavushaji walimwambia kwamba Poseidon wa shaba bado amesimama majini, hatari kwa nyavu za wavuvi. Basi watafutaji wa karne ya 20 wakazama baharini. Wapi! Dora Katsonopoulou na Steven Soter, walioanza kazi mwaka 1988, nao walianzia baharini, kisha wakageukia nchi kavu. Neno la Kigiriki "poros", ambalo wengi walidhani ni mlango wa bahari, Katsonopoulou akaona laweza kuwa ziwa la pwani. Mwaka 2001, karibu na kijiji cha Rizomylos, kati ya mito Selinous na Kerynites, magofu yakaonekana chini ya matope ya ziwa lililokauka zamani. Juu yake watu walikuwa wakilima tu!

Sasa nimempata mhusika wangu. Ni mmoja wa wale 2,000, amekuja kumtafuta dada yake. Simwandikii dhambi yoyote. Amesimama matopeni hadi magotini, anaita jina, anangoja.