Meli Zipitazo Likoni

Mtu aketiye barazani kwa nyumba iliyo ukingoni mwa bahari huko Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, hana haja ya darubini. Mlango wa bahari ni mwembamba, na kila meli iendayo Kilindini haina budi kupita hapo. Jina lenyewe lajieleza: kilindi ni mahali penye maji ya kina kirefu.

Zamani wakazi wa pwani walijua majira kwa vyombo. Kaskazi ilipovuma, majahazi yalikuja kutoka Arabuni, yakatia nanga Bandari ya Kale, upande wa pili wa kisiwa. Kusi iliposhika, yalirudi kwao. Siku hizi meli hazingoji upepo. Nyingi huchukua makontena yaliyofungwa, wala mtazamaji hawezi kujua kama hiyo itokayo imebeba chai ya Kericho au kahawa ya Uganda.

Meli ipitapo, feri husubiri, na wasafiri wenye haraka hunung'unika. Lakini mama mwenye mwana baharia hanung'uniki. Meli hupita karibu hata watu walio sitahani huonekana, ingawa nyuso zao hazitambulikani. Husimama akapunga leso yake, asijue kama mwanawe amemwona. Hapana mwito wa kumfikia, wala meli haitasimama kwa ajili yake.

Kisha meli hutokomea baharini, feri huvuka, naye hujifunga leso akarudi jikoni.