Vumbi, Moshi na Kompyuta ya Shule

Mwaka 2019 tulikuwa tukifundisha Kiswahili katika shule moja mjini Goma, mji uliojengwa juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na mlima Nyiragongo. Shule ilikuwa na kompyuta nne. Katika mojawapo tulihifadhi maneno ya wavuvi na wachuuzi wa ufuo wa Ziwa Kivu, tuliyoyakusanya kwa miaka sita. Asubuhi moja kompyuta hiyo ilikataa kuwaka. Aliyeitumia mwisho alikuwa mwanafunzi wetu mmoja, kijana mpole na mwenye bidii. Bila kuuliza sana tulimwambia kuwa ameiharibu, tukamkataza kuingia katika chumba kile muhula mzima. Hakubisha. Alisema, "Sawa, Mwalimu," akaenda zake.

Wiki tano baadaye alikuja fundi, akafungua kasha mbele yetu. Ndugu walimu, ni nani kati yetu aliyewahi kuchungulia mle ndani? Feni ilikuwa imevikwa vumbi jeusi, zito kama sufi iliyogaagazwa katika masizi. Mawe ya Goma husagwa mchana kutwa na magurudumu ya malori na pikipiki, na unga wake huingia popote penye upenyo. Vumbi hilo hufunika vyuma vinavyopaswa kutoa joto, na joto lisipotoka mashine huungua polepole. Tena vumbi si kavu kama lionekanavyo. Chumvi zilizomo huvuta unyevu wa hewa, na karibu na ziwa unyevu haukosekani. Basi hugeuka utando mwembamba unaopitisha umeme kati ya nyaya zisizotakiwa kukutana.

Lakini fundi alisema vumbi lilikuwa nusu tu ya ubaya. Alituonyesha vituo vidogo vya shaba na fedha juu ya bodi, vyote vimekuwa vyeusi, na weusi huo umetambaa kama kuvu hadi kwenye vituo vya jirani. Hiyo ni kazi ya gesi za salfa. Siku zile usiku tuliuona wekundu wa moto wa Nyiragongo angani, na upepo ulipogeuka harufu ya moshi wake ilitufikia darasani. Kisha fundi, bila haya, akanyosha kidole dirishani: nyuma yake palikuwa na choo cha wanafunzi, ambacho nacho hutoa gesi ya namna hiyo.

Alitueleza pia jambo ambalo hatukulitazamia. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku risasi katika vyombo vingi vya umeme, watengenezaji walibadili lehemu, na baadhi yao wakaanza kuifunika shaba ya bodi kwa fedha. Fedha haipatani na salfa. Hivyo bodi iliyokusudiwa kuwa salama kwa watu ikawa dhaifu zaidi mbele ya hewa kama yetu.

(Sisi watu wa lugha tulijiuliza tuuiteje uharibifu huo. Kutu tumezoea kuisema ya chuma, nayo ni nyekundu. Wataalamu wa volkano duniani wamelichukua neno mazuku kutoka huku kwetu kwa ajili ya hewa nzito inayoua mabondeni. Labda na hili litapata jina lake kwa wasemaji wa Goma kabla ya kamusi.)

Diski ilipona na maneno yetu yote, bodi haikupona. Tulimwita yule kijana mbele ya wenzake tukamwomba radhi, jambo ambalo walimu hatulizoei, na sauti yetu haikuwa imara.

Wahandisi hupima hewa ya chumba kwa kutundika humo vipande vya shaba na fedha kwa mwezi mmoja. Utando wa shaba ukifikia milimita 0.00003, au wa fedha milimita 0.00002, chumba hicho hakifai tena kwa mitambo bila kusafishwa hewa. Hatukuwa na chombo cha kupimia udogo huo. Tulisugua kipande cha waya wa shaba na pete kuukuu ya fedha, tukavitundika juu ya kompyuta zilizobaki, tukaziba dirisha la upande wa choo na kufungua la upande wa pili kwa kitambaa cha kuchuja vumbi. Kijana tulimpa kazi ya kuvitazama kila Jumamosi.

Jumamosi ya tatu alikuja mlangoni, akasimama nje kama aliyesahau kuwa ameruhusiwa kuingia. "Mwalimu," alisema, "pete imeanza."