Hela ya Kioo

Nilimbloku shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea nilipokuwa sekondari. Kosa lake lilikuwa meseji. Alfajiri, kabla sijasalimiana na mtu, simu imeshajaa: kitunguu saumu kinachozibua mishipa ya moyo, dua ambayo usipoituma kwa watu kumi utakiona, video ya nyoka mwenye vichwa viwili. Nyingi zilikuwa na ile mishale miwili, alama kwamba zimeshapita kwenye simu nyingi. Ningeweza kumwambia, "Shangazi, hizi za dawa usiniletee." Niliona haya, nikaacha kitufe kinisemee.

Aliyeblokiwa haambiwi, lakini dalili huziona: meseji zinabaki na tiki moja na picha yako inapotea. Akapiga simu ya kawaida.

"Mwanangu, mbona meseji hazikufikii? Unaumwa?"

Nikasema simu kubwa imepasuka kioo, natumia kitochi. Jioni hiyohiyo ikaingia shilingi 40,000, akanipigia kuhakikisha: hiyo ni ya kioo. Shangazi anauza vitumbua. Nilijua hivyo, na nilizipokea, tena nikamshukuru kwa sauti ya unyonge.

Kilichonisuta ni jambo la ufundi tu. Tangu Aprili 2020, WhatsApp hairuhusu ujumbe wenye mishale miwili kusambazwa kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa mpigo. Miaka yote nilidhani ananimwagia mimi pamoja na ukoo mzima. Kumbe kila mara alilitafuta jina langu, akaligusa, ndipo akatuma. (Ile ya kitunguu saumu bado ni upuuzi, hilo silifuti.)

Nikamfungulia, ila meseji zilizotumwa wakati amefungiwa haziji tena. Nikaenda kwake, nikamweleza yote, pamoja na kitochi ambacho sijawahi kuwa nacho. Alinisikiliza huku akigeuza vitumbua kwa kijiti, kimoja baada ya kingine hadi kikaango kikaisha. Sababu ya kumfungia hakuiuliza.

"Na ile hela ya kioo?"

"Nilinunulia umeme, shangazi."

"Utairudisha."

Nimeanza kuirudisha kidogo kidogo. Za dawa nilimwomba asiniletee, akakubali. Dua amekataa kuacha.