Pipa la Chicago na kikombe cha tatu cha mama

Chicago mwishoni mwa Novemba haina huruma. Upepo unatoka Ziwa Michigan, unapita katikati ya majengo marefu na kupenya koti ulilonunua Kariakoo ukidhani ni zito. Ndivyo ulivyonipokea nilipotoka kituo cha treni cha Logan Square, upande wa kaskazini-magharibi mwa jiji, kukutana na kaka yangu anayeishi huko mwaka wa saba sasa. Yeye alikuwa amekuja na gari lake moja kwa moja kutoka kazini.

"Leo utakunywa kahawa ndani ya bia," akaniambia.

Nilicheka. Sisi tumekulia Kilimanjaro, kati ya migomba na mibuni. Kahawa na pombe tunavijua vyote viwili, lakini kila kimoja na mahali pake. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu, kimea cha ulezi na gome la msesewe linaloipa uchungu wake. Kahawa ilikuwa ya kuuza, ndiyo iliyotulipia ada. Hatukuwahi kuvitia katika kibuyu kimoja.

Baa yenyewe ilikuwa ndogo, ya matofali mekundu, karibu na barabara ya Milwaukee. Ukutani palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki jina la kila bia na kiwango chake cha kilevi. Ya kwetu ilikuwa imeandikwa asilimia 14. Mhudumu alituletea glasi mbili fupi zenye tumbo, kila moja mililita 120 tu. Nikadhani ametupunja.

Bia ilikuwa nyeusi kama mafuta machafu ya gari, na povu lake la rangi ya maziwa ya chai. Nilinusa kwanza: kahawa iliyokaangwa sasa hivi, vanila, kisha kwa mbali harufu ya wiski. Nilipoonja, utamu ulitangulia kama wa asali nyeusi, ukafuata uchungu wa kahawa, na mwisho joto likashuka kifuani taratibu. Siyo bia ya kugida. Unaionja kama unavyoonja mchuzi ulio jikoni.

Mhudumu alitueleza asili yake. Katika karne ya 18 watengenezaji wa bia wa London walikuwa wakipeleka bia nyeusi kali katika makao ya kifalme ya Urusi, ndiyo maana stauti ya aina hii huitwa ya kifalme. Sehemu ya pipa ni ya Marekani. Sheria ya huko inataka wiski ya bourbon ihifadhiwe katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani kwa moto. Likishatumika mara moja, pipa haliwezi kutumika tena kwa bourbon, hivyo linauzwa. Katika miaka ya 1990 Greg Hall wa kiwanda cha Goose Island, hapo hapo Chicago, alijaza bia nyeusi katika mapipa ya namna hiyo, na wengi wakaiga. Bia hukaa humo miezi mingi. Joto likipanda inaingia ndani ya mbao, likishuka inatoka, ikirudi na vanila na ladha ya wiski. Kahawa kwa kawaida huongezwa mwishoni, ili harufu yake isipotee.

Kaka alimaliza glasi yake, akaagiza ya pili, kisha ya tatu. Mimi nilibaki na yangu. Kazi yangu ya kuandika habari za afya imenizoesha kupiga hesabu hata mahali pa starehe, nikatoa kalamu.

Mililita 120 za asilimia 14 zina karibu gramu 13 za kilevi halisi. Kopo zima la bia ya Marekani, mililita 355 za asilimia 5, lina gramu 14. Kumbe mhudumu hakutupunja hata kidogo. Kaka alikuwa amekunywa karibu makopo matatu ndani ya saa moja na nusu, na hakuonekana hivyo. Alikuwa mchangamfu, macho makavu.

Akamwita mhudumu. "Niletee kahawa nyeusi moja, halafu niendeshe."

Hapo nikahisi baridi kuliko ya nje. Nilikuwa darasa la sita wakati baba alipotoka kwenye harusi Marangu, akapitia nyumbani kuwahi Himo usiku. Alikuwa amekunywa. Mama hakuweza kumzuia, ila alichemsha kahawa nzito, akamnywesha vikombe viwili. Baba akawa macho kabisa, akatania watu, akawasha pikapu. Kaka aliketi pembeni yake. Kwenye kona moja gari liliingia mtaroni. Baba alivunjika nyonga, hadi leo anatembea na mkongojo. Kaka ana kovu kwenye nyusi. Na mama, kila habari hiyo ikitajwa, husema: "Laiti ningemchemshia kikombe cha tatu."

"Kaka," nikamwambia, "kahawa haikati pombe. Inakata usingizi tu."

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wasomaji wetu. Kafeini inaondoa uchovu, lakini kilevi kinabaki kwenye damu vilevile. Ini huchukua takriban saa moja kumaliza glasi moja kama ile, na hakuna kahawa, maji baridi wala supu ya kuliharakisha. Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilizionya kampuni nne zilizoongeza kafeini kwenye vinywaji vya kilevi, kwa sababu mnywaji anashindwa kujua amelewa kiasi gani. Bia zilizopikwa na kahawa hazikuguswa, lakini somo ni lile lile: mlevi aliye macho bado ni mlevi.

Kaka aligusa nyusi yake. Kisha akatia funguo mfukoni. "Basi tupande treni."

Treni ya Mstari wa Bluu hutembea saa 24. Ilikuwa saa tano usiku Chicago, saa mbili asubuhi nyumbani. Nikampigia mama nikiwa nimesimama nimeshika bomba. Nilimweleza yote, bia, pipa, ini na kahawa. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Kwa hiyo hata ningempa cha tatu?"

"Hata cha kumi, mama. Usingemwokoa kwa kahawa."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Ngoja nimpe baba yako simu," akasema. "Naye asikie."